Bampa ya MGB imepasuka yenyewe: niitengeneze au nitafute nyengine? (Mombasa)

#1 mwana_tudor
Salaam wadau. Nina MGB GT ya mwaka 1977, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ilikuwa ya ami yangu, alipofariki yeye, mkewe akanipa mimi kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikiisukuma kila ikigoma kuwaka. Ni ile ya bampa nyeusi ya raba. Sasa bampa ya mbele imepasuka, ufa umeanzia chini ya indiketa ya kushoto ukapanda hadi karibu na kona, kama shibiri moja, na mwengine mdogo uko kulia lakini huo mpaka uiname ndo uuone. Sijagonga kitu. Gari hulala nje chini ya muarobaini hapa Tudor na huitoa Jumapili tu.

Fundi wa kwanza kanambia tia puti, ile dawa ya kuzibia bodi, upake rangi yaisha. Wa pili kasema tupa hiyo, tukutengezee ya faiba. Wa tatu kaigusa tu akasema raba hii haishiki gundi yoyote. Watu watatu majibu matatu na wote wana uhakika. Aliyewahi kuifanya hii kazi anambie, yatengezeka au nitafute nyengine? Na kwa nini ipasuke wakati haikuguswa?

#2 fundi_makupa
Puti usitie kaka, hilo la kwanza. Puti ikishakauka ni jiwe, na bampa hiyo yanepa, ukiegemea tu kwa goti yaingia ndani yarudi. Kitu kigumu juu ya kitu kinachonepa chapasuka wiki ya kwanza, na kikipasuka chaondoka na rangi. Nimebandua puti za watu wengi sana kwenye bampa mie, kazi ya kubandua ni kubwa kuliko kutengeneza kwenyewe.

#3 BintKisauni
Mbona MGB mie nazijua zina bampa ya chuma inayong'aa? Kulikuwa na moja Ganjoni nilipokuwa mdogo, nyekundu, bampa nyembamba ya krome mbele na nyuma. Au ya kwako ilibadilishwa?

#4 mzee_wa_krome
@BintKisauni hiyo ya Ganjoni ilikuwa ya kabla. MGB ilianza 1962 na krome, ikaenda hivyo hadi 1974, ndipo wakaja na hizi nyeusi kubwa na zikaendelea mpaka kiwanda chao cha Abingdon, Uingereza, kilipofungwa 1980. Sababu ni Marekani. Walitoa sheria kwamba gari likigonga kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, taa na vitu vya usalama visiharibike, na soko kubwa la MGB lilikuwa huko. Kwa hiyo wakatia bampa nene na wakainyanyua gari takriban inchi moja ili bampa ifikie kimo kinachotakiwa. Watu walioipenda ya krome wakalia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hadi leo nikiona yenye krome moyo wangu waenda mbio.

Shauri langu kwa mleta uzi: badilisha utie krome kabisa, shida zote za raba ziishe.

#5 fundi_makupa
@mzee_wa_krome mzee wangu kwa heshima zote, hiyo haibadilishwi kama shati. Kwenye hizi nyeusi indiketa zimo ndani ya bampa yenyewe, ukiitoa hazina pa kukaa. Grili si ile. Bati la chini ya pua halipo kwa sababu bampa ndiyo inayoficha pale. Mabano ya kushikia ni mengine. Nyuma nako vivyo hivyo kuna kukata na kuchomelea. Ufa wa shibiri moja utamfanya kijana wa watu achinje gari zima.

#6 mzee_wa_krome
Nakubali kazi ni kubwa. Lakini matokeo yake hujayaona wewe.

#7 Abu_wa_feri
Mie nauliza, wavuka Likoni? Kwa sababu gari za chini zote zavunjika pale kwenye mlango wa feri, maji yakitoka ule mteremko wawa mkali, pua yakwaruza chini na wewe uko ndani muziki umefungua husikii. Ndugu yangu bampa yake ilianza hivo hivo, ufa wa chini wapanda juu. Ufa ukianzia chini ni feri, ukianzia juu ni jua.

#8 mwana_tudor
@Abu_wa_feri nilivuka mara moja Desemba kwenda Diani, na kweli kulikuwa na sauti nikidhani ni ekzosi. Lakini hii yangu ni ile iliyonyanyuliwa, na ufa nimeuona Machi.
@fundi_makupa ahsante, puti nimefuta kwenye akili.

#9 Mwalimu_Kemia_Mvita
Kwanza tuache kuiita raba. Ni poliyurethini iliyomiminwa juu ya chuma. Jina la raba limetokana na sura tu. Na hili si suala la maneno, kwa sababu dawa ya raba na dawa ya poliyurethini ni mbali mbali, na dawa ya plastiki ya bampa za siku hizi ni nyengine tena. Hizi gari za kutoka Japani tunazoendesha, nyingi bampa zao ni polipropilini, ukigeuza ndani utaona imeandikwa PP na herufi nyengine. Hiyo waweza kuiyeyusha na kuichomelea kwa ujiti wa plastiki ya aina moja nayo. Poliyurethini ya kumiminwa haiyeyuki ikaungana, ukiizidishia moto yaungua tu na kutoa moshi mbaya.

Sasa kwa nini ipasuke bila kuguswa. Mna viatu vya sherehe mlivyoviweka kabatini miaka, siku ya harusi mkavivaa na soli ikamomonyoka kama biskuti njiani? Wenye nyumba za Mombasa wote wamepatwa na hili. Soli zile nyingi ni poliyurethini, na kuna aina yake ambayo unyevu wa hewa huikata ile minyororo yake taratibu, haihitaji kutumika, haihitaji jua, yataka unyevu na muda. Unyevu wetu hapa mwajua ulivyo. Miaka karibu 50 ya hewa kama hii, mie sishangai.

#10 BintKisauni
Mwalimu umenikumbusha viatu vyangu vya nikahi ya dada yangu, soli zilibaki kwenye ngazi 😭

#11 pwani_marine_fundi
Nakubaliana na mwalimu kuhusu unyevu kwenye soli lakini soli ni povu jepesi, bampa ni nzito na imebanana, na si kila poliyurethini ni ya aina hiyo inayokatwa na maji. Kuna aina nyengine zinakaa baharini miaka. Sisi twatumia magurudumu na mipira ya poliyurethini kwenye mashua, yapigwa maji ya chumvi na hayamomonyoki hivyo. Mie nasema ni jua. Tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua latupiga utosini mwaka mzima. Angalia bampa yenyewe, ikiwa uso umekuwa wa kijivu na ukipitisha kidole wapata unga mweusi basi ngozi ya juu imekwisha, na ufa huanzia kwenye ngozi.

Halafu kuhusu faiba. Mie kazi yangu ni mashua za faiba huku Mtwapa. Kalibu ya bampa hiyo naweza kuitoa kwa siku chache, twapaka nta bampa ya zamani, twatia jelkoti (tabaka laini la nje), mkeka wa faiba, resini, twapata kalibu, halafu bampa nyepesi ambayo haina chuma cha kuota kutu. Mtu mmoja aibeba.

#12 fundi_makupa
@pwani_marine_fundi mashua zako nazijua ni nzuri. Lakini faiba hainepi. Tuktuk ikikugusa Kongowea ile ya poliyurethini yarudi, ya faiba yatoa nyota kwenye rangi na siku ya pili yake ni ufa. Na hiyo chuma ndani ndiyo inayobeba kishindo, ukiitoa kishindo chaenda wapi? Chaenda kwenye radieta.

#13 pwani_marine_fundi
Chuma waweza kuiweka nyuma ya faiba, si lazima itoke. Na mwenyewe kasema gari atoa Jumapili, Kongowea Jumapili aenda kufanya nini 😄

#14 mwana_tudor
Nimepitisha kidole. Unga mweusi umo, lakini juu tu kwenye bega la bampa. Chini ulipoanzia ufa ni nyeusi ya kung'aa kabisa. Sasa imekuwaje jua lipasue mahali ambapo halifiki?

#15 Omari_254NBO
Nipo Nairobi lakini mzaliwa wa Majengo. Agiza Uingereza, hizi gari bado zina maduka yao na spea zapatikana, hata bampa kuukuu zilizotolewa na watu kama mzee_wa_krome wanaotia krome, wao waziona takataka na sisi twazitafuta. Lakini usilete kwa ndege. Ndege yakadiria nafasi kitu kinachochukua, si uzito peke yake, na bampa ni ndefu kama gari lilivyo pana, utalipishwa hewa. Tafuta mtu anayeleta kontena la mchanganyiko mpaka Kilindini, uingize kwenye mzigo wake. Weka akilini ushuru na VAT ya 16% juu yake. Na mwambie muuzaji apige picha ndani, upande wa chuma, kwa sababu mie niliuziwa moja ikaja nje maridadi, ndani chuma imeoza mpaka bolti hazina pa kushika.

#16 Abu_wa_feri
Jamani nyie mwahangaika. Babu yangu gari zake zote alikuwa azipaka oili chafu kwenye raba kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, hazikupasuka hata moja.

#17 Mwalimu_Kemia_Mvita
Raba ya kweli ukiipaka oili ya petroli yavimba na kulegea, @Abu_wa_feri, labda babu alikuwa na bahati au gari hazikukaa sana. Poliyurethini yavumilia zaidi. Lakini tatizo la oili kwa mleta uzi ni jengine. Akitaka kuunganisha ufa huo, oili ikishaingia kwenye ufa hakuna gundi itakayoshika. @mwana_tudor ushapaka kitu?

#18 mwana_tudor
Mafuta ya nazi. Miaka miwili sasa, shangazi alinambia ndivyo ami alivyokuwa akifanya. Inang'aa vizuri sana.

#19 fundi_makupa
Basi ndo yule fundi wa tatu akasema haishiki gundi yoyote. Alijaribu juu ya nazi 😄 Hamna neno, yasafishika.

Sikiliza nikwambie kazi yenyewe inavyokwenda. Osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, mara mbili, ndipo ufute kwa dawa ya kuondoa mafuta. Sabuni iwe kwanza, ukianza na thina wayayeyusha mafuta na kuyasukuma ndani ya ufa. Tafuta ufa unapoishia, toboa tundu dogo la milimita 3 pale kwenye ncha yake, hilo ndilo litakaloufunga njia usiendelee. Halafu chonga ufa uwe kama mfereji, mpana juu mwembamba chini, upande wa mbele na wa nyuma ukiweza kufika. Kwaruza kwa msasa wa 80 upate uso wa kushikika. Tia gundi ya poliyurethini ya mikebe miwili, ile inayokauka ikabaki yanepa, upande wa nyuma weka na wavu. Ikishakauka piga msasa, praima, kisha rangi iliyotiwa dawa ya kuifanya inepe. Na vaa barakoa ya maana, si ya kitambaa, gundi hiyo na rangi zake zina mvuke unaoharibu kifua. Mwenzangu alianza kwa kikohozi tu, leo hawezi kukaa karibu na spreya.

#20 Salma_Spea
Ongezeo dogo, kabla ya kununua gundi hakikisha ni nini. Kata kipande kidogo upande wa ndani usioonekana. Tia majini, polipropilini yaelea, poliyurethini yazama. Piga msasa, polipropilini yapakaa na kutoa nyuzi, poliyurethini yatoa unga. Nauza vitu hivi Shimanzi na kila wiki yuaja mtu na bampa iliyobanduka kwa sababu alitumia gundi ya hii kwenye ile.

#21 Mwalimu_Kemia_Mvita
Nakubali isipokuwa la maji. Poliyurethini ikiwa na mapovu ndani yaweza kuelea nayo. Amini msasa kuliko maji.

#22 Salma_Spea
Sawa mwalimu, ahsante, ya mapovu sikuwa nimeifikiria.

#23 Omari_254NBO
Nikitoka nje ya mada kidogo, gari za michezo za zamani hapa kwetu zilikuwa na raha yake. Mzee wangu alisimama njiani kuiona Datsun 240Z iliposhinda Safari Rally 1972, akisema matope yalikuwa mpaka kwenye kioo na bampa hazina.

#24 mzee_wa_krome
1972 hapana. Mwaka ule alishinda Hannu Mikkola na Ford Escort. 240Z zilishinda 1971 na Edgar Herrmann na 1973 na Shekhar Mehta. Mzee wako labda aliiona mojawapo ya hizo mbili. Na Mehta akaja kushinda tena kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo, jumla mara 5.

#25 Omari_254NBO
Basi ni 1973, kwa sababu asema alikuwa ashaoa. Shukran mzee.

#26 BintKisauni
Rudini kwenye bampa, mie nataka kujua mwisho wake.

#27 mwana_tudor
Jumamosi naitoa. Kuna kitu cha kujihadhari nacho?

#28 fundi_makupa
Spana. Gari hiyo ni ya inchi, si ya milimita. Watu wakamata 13 ya kawaida waona yaingia kwenye nati ya nusu inchi, kweli yaingia lakini yalegea, nati yenye kutu yalika pembe mara moja na hapo ndo kilio. Na ya 9/16 haina mwenzake, 14 haiingii 15 yacheza. Azima spana za inchi hata kama ni kwa siku moja. Nyunyiza dawa ya kutu usiku wa kuamkia, na asubuhi tena. Toa teminali ya betri, iko nyuma ya viti chini ya kapeti, ndipo uchomoe waya za indiketa. Na muwe wawili, chuma ile ndani ni nzito, ikikuponyoka yakata waya au yakata mguu. Usivute mpaka uhakikishe na pembeni hakuna kilichoshika.

#29 mwana_tudor
Wadau nimerudi. Imetoka, ilituchukua kutoka saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, nati moja ilikatika. Kipande nilichokikata kimezama majini na msasa umetoa unga, kwa hiyo mwalimu na Salma wako sawa.

Sasa sikilizeni niliyoyaona ndani. Chuma upande wa kulia imeota kutu hadi yabanduka kama maganda ya kitunguu, na pale ngozi imeinuliwa kutoka ndani, waona kabisa kutu imevimba ikaisukuma. Lakini kulia ndiko kwenye ule ufa mdogo! Kushoto kwenye ufa wa shibiri, chuma iko nzuri, ina rangi yake nyeusi bado. Na nilipoosha ule ufa mkubwa nikaona kingo zake chini ya weusi kuna tabaka la kijivu gumu kama ganda la yai. Nikikwaruza laruka vipande.

#30 fundi_makupa
Hiyo ni puti! Kaka hiyo kushoto ilishatengenezwa zamani, ami yako au aliyemuuzia. Ufa si mpya, ufa ni wa zamani ulifunikwa, na sasa puti imekwisha nguvu. Haujapasuka mwaka huu, umefunuka mwaka huu.

#31 Abu_wa_feri
Na feri imeumalizia. Sauti ya Desemba.

#32 Mwalimu_Kemia_Mvita
Ya kulia ni kutu bila shaka, kutu yachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoliwa, ndiyo inayopasua hata nguzo za zege kwenye nyumba za ufukweni. Kaskazi na kusi zote zatuletea chumvi kutoka baharini, hatuna msimu wa kupumzika. Lakini kushoto, fundi, puti yaeleza kwa nini ufa umeonekana, haielezi ufa wa kwanza ulitoka wapi. Mie bado nina shaka na poliyurethini yenyewe. Kile kipande ulichokata, ukikikunja kwa vidole chanepa chote au chavunjika?

#33 mwana_tudor
Cha ndani chanepa vizuri. Nilikata kingine karibu na ufa, hicho kilivunjika.

#34 pwani_marine_fundi
Kilivunjika au ni lile ganda la puti lililovunjika?

#35 mwana_tudor
Sijui kusema kweli, vilikuwa vimeshikana.

Niliyoamua ni haya. Faiba hapana, samahani ndugu yangu wa Mtwapa, na krome mzee wangu pia hapana. Ami aliinunua hivi na mie nimeijua hivi, ukiniletea yenye krome nitaiona ni ya mtu mwengine. Kushoto nachonga puti yote nifike kwenye bampa yenyewe, nafanya kama fundi alivyosema #19. Kulia ndo pagumu kwa sababu lazima kwanza kutu itoke na ngozi haitaki kubanduka yote. @Omari_254NBO kama wapata kuukuu yenye chuma nzima nijulishe, nitakaa nayo akiba.

#36 fundi_makupa
Kulia usichimbe ngozi yote. Toa maganda yanayotoka, tia dawa ya kugeuza kutu, ikauke siku mbili, ufunge ufa maji yasiingie tena. Haitakuwa mpya lakini itasimama. Nipigie picha kabla hujatia gundi.

#37 Salma_Spea
Gundi ninayo ya kunepa, na rangi nyeusi isiyong'aa sana. Njoo na kile kipande tujaribu juu yake kwanza, hulipi mpaka ishike.

#38 mzee_wa_krome
Kijana umeamua vizuri na nimefurahi sababu yako. Na bampa ya nyuma ushaiangalia? Huko ndiko matope yakaako.

#39 mwana_tudor
Kwa nje haina ufa. Lakini baada ya kuona ile chuma silali. Nataka kuifungua kesho Jumapili, ila spana za inchi nilizoazima nimesharudisha. Nani ana 9/16 yenye shingo ndefu?

#40 BintKisauni
Kaka yangu anayo, zilikuwa za marehemu baba, sanduku zima la inchi. Tutakuletea baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijakuwa kali, nami nataka kuiona hiyo gari.